Bilbao: Jengo Lilipata Sifa, Mabomba ya Majitaka Yalifanya Kazi

Mji wowote wa viwanda uliochakaa, ukipata meya mwenye haraka, haukawii kutajiwa Bilbao. Kisa husimuliwa kwa pumzi moja: mji wa chuma na meli kaskazini mwa Hispania ulikuwa unakata roho, ukajenga Makumbusho ya Guggenheim mwaka 1997, watalii wakamiminika, mji ukafufuka. Wapangaji miji wamekipa hata jina, "athari ya Bilbao", na wamelizungusha duniani kama mganga mwenye kibuyu kimoja kwa kila ugonjwa.

Mimi naona kisa hiki husimuliwa kuanzia mkiani. Makumbusho hayo, ukijumlisha jengo, kazi za sanaa za kuanzia na ada ya kutumia jina la Guggenheim, yaligharimu peseta bilioni 22, yaani karibu yuro milioni 132. Mradi wa kukusanya na kusafisha majitaka ya Bilbao na miji jirani, uliopitishwa mwaka 1979 wakati hakuna aliyeota habari za Guggenheim mjini humo, ulimeza karibu yuro bilioni 1 katika miongo iliyofuata. Ni zaidi ya mara 7. Na hakuna gazeti la ng'ambo lililotuma mpigapicha kwenda kupiga picha bomba la majitaka.

Bilbao ilifufuliwa na mambo mawili ambayo hayapendezi kwenye picha: maji machafu na hati za ardhi. Jengo lilikuja juu ya hayo. Ili kuliona hilo, inabidi kwanza tuone uchafu ulitoka wapi na ardhi ilikuwa mikononi mwa nani.

Mawe mekundu

Bilbao ilipewa hadhi ya mji mwaka 1300 na mtawala wa Bizkaia (leo mkoa wa jimbo la Basque), Diego López de Haro, kando ya mto Nervión, kilomita kama 15 kutoka baharini. Sehemu hiyo ya mto, inayojaa na kupwa pamoja na bahari, wenyeji huiita Ría, nami nitaiita hivyo hivyo. Kwa karne nyingi ilipitisha sufu ya Castilla na chuma cha wahunzi, biashara nzuri lakini si ya kutikisa dunia.

Kilichoitikisa kilitokea Uingereza. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza chuma cha pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Njia hiyo ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu, ila ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mawe ya chuma yakiwa na fosforasi, chuma kinachopatikana huvunjika kama kigae. Sehemu kubwa ya mawe ya Ulaya yalikuwa nayo. Mawe mekundu ya vilima vya Triano na Somorrostro, karibu na Bilbao, yalikuwa na fosforasi kidogo sana. Zaidi ya hapo yalichimbwa juu juu, bila mashimo marefu, na bahari ilikuwa pale pale chini. Vita vya Wakarlisti, vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania, vilipokwisha mwaka 1876, kampuni za Kiingereza na za wenyeji zikavikwangua vilima hivyo kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Meli zilikwenda Uingereza na mawe, zikarudi na makaa.

Sehemu ya faida ilibaki, na hapo ndipo Bilbao ilipotofautiana na machimbo mengi yaliyoachiwa mashimo tu. Benki zilikua, kuanzia Banco de Bilbao ya mwaka 1857. Karakana ya kuunda meli ya Euskalduna ilianzishwa mwaka 1900. Mwaka 1901 ikaja kampuni ya umeme wa maji, Hidroeléctrica Ibérica, ambayo kizazi chake ni Iberdrola ya leo. Mwaka 1902 kampuni tatu za chuma ziliungana kuwa Altos Hornos de Vizcaya, ambayo matanuri yake ya Sestao na Barakaldo yaliangaza usiku wa ukingo wa kushoto kwa miaka zaidi ya 90.

Ukingo wa kushoto: maneno haya mtu hawezi kuyakwepa akiizungumzia Bilbao. Ría iliwagawa watu. Kushoto walikaa wachimbaji na wafua chuma waliotoka mashambani kote Hispania. Kulia, huko Getxo, walijenga wenye migodi na wenye benki. Mwaka 1893 pande hizo ziliunganishwa na daraja la ajabu lililobuniwa na Alberto de Palacio: boriti ya chuma iliyoinuliwa juu sana ili meli zipite chini yake, na chombo kinachoning'inia kwa nyaya kuvusha watu. Bado linavusha. Miaka 3 kabla yake, mwaka 1890, wachimbaji walifanya mgomo mkubwa kupinga kulazimishwa kulala kwenye mabanda ya kampuni na kununua chakula kwenye maduka ya wasimamizi. Dolores Ibárruri, mwanasiasa wa kikomunisti aliyekuja kujulikana duniani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alizaliwa katika familia ya wachimbaji huko Gallarta mwaka 1895. Ukienda kutafuta Gallarta aliyozaliwa hutaipata. Mgodi uliimeza, watu wakahamishiwa Gallarta nyingine.

Na kila kitu kilimwagwa Ría: taka za machimbo, tindikali za viwanda vya kemikali, vyoo vya watu wapatao milioni moja wa bonde zima. Kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na sehemu za mto ambazo maji yake hayakuwa na oksijeni kabisa. Samaki hakuweza kupita hata kama angetaka kuhama tu.

Muongo wa vilio

Kuanguka kwenyewe nitakueleza kwa kifupi, maana kunafanana na kwa miji mingi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, oda za meli zikakauka, chuma kikawa kingi duniani kuliko wanunuzi. Hispania ilikuwa imetoka kwenye udikteta wa Franco, aliyefariki mwaka 1975, na ilitaka kuingia Jumuiya ya Ulaya. Iliingia mwaka 1986, na mojawapo ya gharama za kuingia ilikuwa kupunguza viwanda vizito. Katikati ya miaka ya 1980 karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye uwezo wa kufanya kazi katika eneo la Bilbao hakuwa nayo. ETA, kundi lenye silaha lililotaka uhuru wa Basque, liliendelea kuua. Kisha tarehe 26 Agosti 1983, mji ukiwa kwenye sikukuu zake za kila mwaka, mvua ikanyesha kana kwamba imekusudia. Ría ikapanda ndani ya mji mkongwe hadi ikafunika maduka, na watu zaidi ya 30 wakafa katika jimbo la Basque.

Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Euskalduna. Majira ya vuli ya mwaka 1984 wafanyakazi walipambana na polisi kwa majuma, wakilifunga daraja la Deusto kwa vizuizi vya moto, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha mwezi Novemba. Karakana ikafungwa kabla ya muongo kwisha.

Kuna takwimu moja hupenda kutajwa hapa na inahitaji tahadhari. Bilbao ilikuwa na watu wapatao 433,000 mwaka 1981, na leo ina watu wapatao 345,000. Ukiziweka tarakimu hizi sambamba unaona mji uliokimbiwa. Lakini mwaka 1983 Erandio na miji midogo ya jirani, iliyounganishwa na Bilbao kwa nguvu miaka ya 1960, ilijitenga na kuondoka na watu wake. Sehemu ya "waliokimbia" hawakuhama hata nyumba. Mpaka ndio ulihama. Upungufu upo, na ni wa kweli, ila si mkubwa kama wauza miujiza wanavyotaka uamini.

Nani alikuwa na hati

Sasa tufike kwenye kiini. Karakana na bandari zilipotulia, katikati kabisa ya mji, hatua chache kutoka mtaa wa maduka makubwa, kulibaki eneo la hekta kama 35 liitwalo Abandoibarra: vyelezo, magati, makontena, njia za reli. Kwa hali ya kawaida eneo kama hilo hukaa miaka 30 likiota magugu, kwa sababu wenyewe ni wengi na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Bilbao ilikuwa na bahati moja. Wenyewe walikuwa wengi, lakini wote walikuwa serikali kwa sura moja au nyingine: shirika la reli, mamlaka ya bandari, mashirika ya viwanda vya umma. Bahati hiyo haikuonekana kama bahati wakati ule. Madrid walitawala Wasoshalisti, Bilbao wakatawala wazalendo wa Kibasque, na kati yao hapakuwa na mapenzi ya kupigiwa mfano. Mtu wa reli mjini Madrid hakuwa na sababu yoyote ya kuachia ardhi yake ili meya wa chama kingine apate sifa.

Mwaka 1992 ikaundwa kampuni ya umma, Bilbao Ría 2000. Nusu ya hisa ilikuwa ya serikali kuu kupitia mashirika yake. Nusu ya pili ikawa ya taasisi za Basque, yaani serikali ya jimbo, mkoa wa Bizkaia, na halmashauri za Bilbao na Barakaldo. Mwenyekiti alikuwa meya wa Bilbao, makamu wake akatoka upande wa Madrid. Kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu, hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa kura. Ilibidi wakubaliane au wasifanye kitu.

Utaratibu wake unaelezeka kwa muuza duka yeyote. Wenye ardhi wanaitoa kwa kampuni. Halmashauri inabadilisha matumizi yake, kutoka viwanda kwenda makazi na ofisi, na kwa kalamu hiyo peke yake thamani inaruka. Kampuni inasafisha udongo, inatandaza barabara na mabomba, kisha inauza viwanja kwa wajenzi binafsi. Faida haigawanywi. Inarudi kwenye kazi ambazo haziwezi kujilipa zenyewe: kufunika reli iliyokata vitongoji vya kusini kama Ametzola, kujenga stesheni, kupanda bustani, kukarabati kitongoji cha Bilbao la Vieja. Fedha za Umoja wa Ulaya ziliongezwa juu, lakini injini ilikuwa tofauti ya bei kati ya ardhi chafu na ardhi safi.

Utaona kwa nini maji yalikuwa muhimu. Nyumba ya kifahari inayotazama mto unaonuka haiuziki. Kazi ya majitaka ilikuwa imeanza miaka ya 1980 na mtambo mkuu wa Galindo, huko Sestao, ulianza kufanya kazi mwanzoni mwa muongo uliofuata. Wananchi waliilipia kwa tozo ndani ya bili zao za maji, mwezi baada ya mwezi. Bandari nayo ilikuwa inahama kuelekea mdomo wa bahari, Santurtzi na Zierbena, kwenye kina kirefu kinachofaa meli za kisasa. Treni zilizopita kando ya mto zikahamishiwa njia ya kusini. Kwa hiyo mtu anaposema Bilbao "iliugeukia mto wake", asisahau kwamba kwanza mto ulisafishwa, ukaondolewa meli, ukaondolewa reli, na kila hatua ilikuwa na ofisi yake, bajeti yake na ugomvi wake.

Jambo lingine husahaulika kabisa na wanaokuja kunakili. Bizkaia hukusanya kodi zake yenyewe, kisha hulipa Madrid mgao wa huduma za serikali kuu. Haki hii ya zamani Franco aliifuta mwaka 1937 kwa Bizkaia na Gipuzkoa, kama adhabu ya kubaki upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ikarudishwa mwaka 1981. Mkoa unaoshika mfuko wake unaweza kuweka kamari ya makumbusho, na ikifaulu, kodi ya watalii inarudi kwenye mfuko ule ule. Ni miji mingapi inayoinakili Bilbao ina mfuko kama huo?

Jengo lenyewe

Mazungumzo na Wakfu wa Solomon R. Guggenheim wa New York yalianza mwaka 1991. Wazo la kwanza lilikuwa kutumia ghala la zamani la mvinyo, Alhóndiga. Msanifu Frank Gehry alipoletwa kulitazama alishauri waachane nalo, wakasogea mtoni, chini ya daraja la La Salve. Masharti yalikuwa mazito: Wabasque walipe jengo, walipe ununuzi wa sanaa, waendeshe kwa hasara wakibidi, na wawape Wamarekani dola milioni 20 kwa jina na utaalamu.

Kelele zilikuwa nyingi, na hazikuwa za wajinga. Mchongaji Jorge Oteiza, mzee aliyeheshimiwa kuliko wasanii wote wa Basque wakati huo, aliupinga mradi kwa ukali wote aliokuwa nao. Vyama vya wafanyakazi viliuliza swali jepesi: fedha za kuwanunulia Wamarekani ukumbi zimepatikanaje, na za kuokoa viwanda hazikupatikana? Siku chache kabla ya uzinduzi, tarehe 13 Oktoba 1997, watu wa ETA waliojifanya watunza bustani walijaribu kutega mabomu kwenye sanamu ya mbwa wa maua ya msanii Jeff Koons mbele ya jengo, wakamuua polisi mmoja.

Makumbusho yakafunguliwa mwezi huo huo na mwaka wa kwanza yakapata wageni karibu milioni 1.3. Wapinzani wengi walibadili kauli, na mimi sioni aibu kusema jengo ni zuri. Vigae vyake vya titani, vyembamba kuliko nusu milimita, hubadilika rangi na mawingu ya Bilbao ambayo hayaishi. Tena lilikamilika ndani ya bajeti, jambo ambalo kwa majengo ya aina hiyo ni muujiza mkubwa kuliko umbo lake.

Ila liangalie kwa jicho la Ría 2000. Jengo limekaa pembeni ya hekta 35 za viwanja vinavyosubiri wanunuzi. Kabla yake mjenzi alikuwa ananunua kiwanja kwenye karakana iliyokufa. Baada yake anauza fleti "karibu na Guggenheim". Kazi yake kubwa katika uchumi wa mji, kwa maoni yangu, haikuwa tiketi mlangoni wala vyumba vya hoteli. Ilikuwa kupandisha bei ya udongo ambao tayari ulikuwa mikononi mwa umma. Faida ya upandaji huo ikarudi kwa mji kwa sababu utaratibu wa kuinasa ulikuwa umeundwa miaka 5 kabla ya mlango kufunguliwa. Kama ardhi ile ingekuwa ya walanguzi, jengo lile lile, titani ile ile, lingewatajirisha wao, na reli ya Ametzola ingebaki wazi hadi leo.

Mwaka 1999 lilifuata jumba la mikutano na opera la Euskalduna, juu ya ardhi ya karakana yenyewe, limevikwa chuma chenye kutu kama meli iliyoachwa kabla ya kukamilika. Kreni moja ya karakana, iliyopakwa rangi nyekundu, iliachwa isimame jirani. Inaitwa Carola, na inasimuliwa kuwa ni jina la mwanamke aliyekuwa akipita pale kwenda kazini kila siku, mafundi wakiacha nyundo kumtazama. Tramu ikaja mwaka 2002, ikipita juu ya nyasi. Na mwaka 2012 ukazinduliwa mnara wa Iberdrola, mita 165, uliobuniwa na César Pelli. Fedha za mawe mekundu zilizaa kampuni ya umeme. Kampuni ya umeme ikarudi kukaa pale meli zilipokuwa zikipakua.

Si kila kitu kilifaulu, na baadhi ya makosa yanachekesha. Daraja la waenda kwa miguu la Santiago Calatrava, Zubizuri, liliwekewa sakafu ya vigae vya kioo. Kioo, katika mji ambao mvua hunyesha kana kwamba imeajiriwa. Watu wakateleza miaka na miaka, hadi halmashauri ikatandika zulia la mpira juu yake. Kabla ya hapo msanifu alikuwa ameishtaki halmashauri kwa kuunganisha daraja lake na njia iliyobuniwa na mwenzake, Arata Isozaki, na mahakama ya rufaa ikampa yuro 30,000.

Upande ambao kamera hazifiki

Treni ya chini ya ardhi, yenye vituo vya Norman Foster na milango ya vioo ambayo watu huiita "fosteritos", ilifunguliwa Novemba 1995. Ilipita ukingo wa kulia, hadi Getxo na Plentzia. Kwa haki, njia ya reli ya kugeuzwa iwe ya treni hiyo ilikuwepo huko tayari, na ukingo wa kushoto ulikuwa na treni zake za zamani. Lakini njia ya pili ilivuka kwenda Barakaldo na Sestao mwaka 2002 tu, ikafika Portugalete mwaka 2007 na Santurtzi mwaka 2009. Yaani waliopoteza matanuri walipata treni mpya miaka 7 hadi 14 baada ya wale waliopoteza mandhari ya moshi tu.

Tanuri la mwisho la Altos Hornos lilizimwa mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya sherehe za Guggenheim. Kiwanda kidogo chenye tanuri la umeme kilichukua nafasi yake, kikihitaji watu wachache mno ukilinganisha na maelfu waliopita geti lile kila zamu. Wazee walistaafishwa mapema kwa malipo ya kuridhisha, na hilo lilisaidia kuzima hasira. Vijana wao hawakuwa na cha kustaafia. Sestao, iliyokuwa na watu karibu 40,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa ina kama 27,000, na huko hakuna mpaka uliohama.

Udongo wa upande huu pia ulikuwa na siri yake. Huko Ansio, Barakaldo, kiwanda kimoja kilitengeneza lindane, dawa ya kuua wadudu, kwa miaka 40 hadi 1987. Utengenezaji wa lindane ni wa kusikitisha: sehemu ndogo tu ya kinachotoka ndiyo dawa, kiasi kikubwa kinachobaki ni taka yenye sumu ya aina ile ile. Taka hizo zilitupwa kwenye mabonde na kutumika kujazia viwanja sehemu nyingi za jirani. Kuzikusanya kulihitaji kuchimba, kupima, na mwishowe kuzifungia ndani ya makaburi mawili ya udongo wa mfinyanzi na plastiki, moja kwenye kilima cha Argalario na lingine karibu na uwanja wa ndege huko Loiu. Pale Ansio leo pana ukumbi mkubwa wa maonyesho ya biashara, uliofunguliwa mwaka 2004. Wageni huegesha magari bila kujua, na si lazima wajue, ila aliyewahi kulipia usafishaji wa namna hii anajua kwa nini ardhi ya viwanda "ya bure" huwa ghali kuliko ya kununua.

Na ajira? Mji ulizipata, lakini za aina nyingine na kwa watu wengine. Juni 2021 wasafishaji wa Guggenheim, wengi wao wanawake walioajiriwa kupitia mkandarasi, waligoma. Walikaa nje karibu miezi 9, hadi Machi 2022, wakaondoka na nyongeza ya mshahara ya karibu asilimia 20. Ukingo ule ule wa mto, miaka 37 baada ya vizuizi vya daraja la Deusto, na madai yaleyale ya kuishi kwa kazi yako. Tofauti ni kwamba wafua chuma walikuwa maelfu, wakaweza kufunga mji; wasafishaji hawakufika hata 20.

Mashine inapokosa mafuta

Utaratibu wa Ría 2000 ulikuwa na udhaifu uliojengwa ndani yake: uliishi kwa bei ya ardhi kupanda. Soko la nyumba la Hispania lilipoanguka mwaka 2008, wajenzi wakaacha kununua, na kampuni iliyokuwa ikijilipia kila kitu ikabaki na madeni mazito ya benki na viwanja visivyo na wateja. Ahadi kadhaa za ukingo wa kushoto, zilizokuwa mwisho wa foleni, ndizo zilizosubiri zaidi. Nani aliweka foleni hiyo? Hesabu iliiweka: ulianza na ardhi ya bei ya juu katikati ya mji ili upate fedha za kutengeneza ardhi ya bei ya chini baadaye. "Baadaye" ikakutana na 2008.

Walionakili jengo pekee walipata matokeo yao. Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, ulifungua kituo cha kitaifa cha muziki chenye umbo la ngoma nne za chuma mwezi Machi 1999. Wageni hawakuja, na Juni 2000 kikafungwa, baadaye kikawa jengo la umoja wa wanafunzi. Helsinki ilijadili Guggenheim yake kwa miaka kadhaa na madiwani wakaikataa mwaka 2016 kwa kura 53 dhidi ya 32. Nadhani madiwani wale waliielewa Bilbao vizuri kuliko wengi walioitembelea.

Ndani ya Bilbao kazi iliyobaki ni Zorrotzaurre, ulimi mrefu wa ardhi chini kidogo ya Abandoibarra, wenye maghala, karakana ndogo na wakazi mia kadhaa waliokataa kuhama hata walipozungukwa na magofu. Zaha Hadid alichora mpango wake mwaka 2004. Umekwenda kwa mwendo wa kobe, na sababu inaeleweka sasa: huku sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu na kampuni binafsi, na kila kipande kimehitaji mazungumzo yake. Kwa upande mwingine, ucheleweshaji ulitoa nafasi ya kupanga nyumba nyingi za bei inayodhibitiwa, jambo ambalo Abandoibarra haikulifanya.

Ulimi huo ulitokana na mfereji wa Deusto, ulioanza kuchimbwa miaka ya 1950 ili meli nyingi zaidi zipate magati. Ulikuwa ukate ardhi upande hadi upande, lakini kazi ilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 zikibaki mita mia chache. Kwa nusu karne ukabaki mfereji usio na mwisho, maji yake yamelala. Mwaka 2018 mitambo ikamalizia kipande kile na Zorrotzaurre ikawa kisiwa. Hakuna meli ya mizigo inayopita humo. Umefunguliwa ili siku Ría ikija tena kama Agosti 1983, maji yawe na njia ya pili ya kwenda baharini kabla ya kufika mji mkongwe.